‘Ile hela tuma kwenye namba hii’: Matapeli wa simu wanavyokupiga, na namna ya kuwakwepa

“Ile hela tuma kwenye namba hii, ile nyingine ina shida. Jina litakuja la mke wangu.”

Hakuna salamu, hakuna jina la mtumaji. Kwa Mtanzania mwenye simu, huu ni ujumbe ambao huenda ameshaupokea mara nyingi kuliko anavyokumbuka, na wengi huufuta huku wakicheka. Umeshageuzwa utani, umeshatengenezewa vichekesho mitandaoni.

Lakini bado unatumwa kila siku, na sababu ni moja tu: bado kuna wanaotuma hela.

Kazi ya neno ‘ile’

Tapeli hakujui. Hajui kama unadaiwa, hajui kama umepanga, hajui hata kama namba yako inatumika. Anachofanya ni kutuma ujumbe uleule kwa namba nyingi, kisha anasubiri.

Ujanja wote uko kwenye neno “ile”. Ukiwa huna hela ya kumtumia mtu, ujumbe hauna maana kwako, unaufuta. Ila kati ya watu wengi walioupokea, lazima yupo ambaye dakika hiyohiyo ana hela ya kumtumia mtu: fundi amemaliza kupaua, mdogo wake anasubiri ada, mwenye nyumba amepiga asubuhi kukumbushia kodi. Huyo akisoma “ile hela”, kichwa chake kinamalizia chenyewe sehemu iliyobaki. Hata haulizi ni nani, kwa sababu anadhani anamjua.

Ndiyo maana jumbe hizi hushamiri mwisho wa mwezi na Januari shule zinapofunguliwa. Na ndiyo maana zinabadilishwa nguo kila mara: “Mimi mwenye nyumba wako, ile kodi nitumie huku.” Au ile ya mganga anayeuliza kama dawa imefanya kazi, au ile ya mwaliko wa kujiunga na Freemason utajirike. Mbaya kuliko zote ni simu ya anayejiita mwalimu, anayesema mtoto wako ameanguka shuleni na yuko hospitali, hela ya matibabu inatakiwa sasa hivi. Mzazi akisikia hivyo hafikirii tena utapeli, anafikiria mtoto.

Kinga yake ni nyepesi na haihitaji utaalamu. Mtu akibadilisha namba ya kupokelea hela, mpigie kwa namba uliyoihifadhi siku zote na umsikie kwa sauti. Simu ya shule nayo ni hivyohivyo: kata, piga namba ya mwalimu unayemfahamu au mzazi mwenzako ambaye mtoto wake yuko darasa moja na wako. Ukishaanza kutuma, usikimbilie kuweka namba ya siri. Kabla ya hapo mfumo hukuonyesha jina la mwenye namba, na hilo jina ndilo nafasi yako ya mwisho ya kusimama. Angalia lakini, tapeli naye analijua hilo. Ndiyo sababu ya ile sentensi ya “jina litakuja la mke wangu”. Ameiweka makusudi ili jina geni likitokea usishtuke.

Muamala ‘uliokosewa’

Hii inawakamata hata wajanja. Unaingia ujumbe unaosema umepokea, tuseme, shilingi 85,000. Baada ya dakika mbili mtu anapiga, sauti ya huruma kabisa: kaka samahani, nimekosea namba, hiyo hela ni ya mgonjwa, naomba unirudishie.

Mara nyingi hakuna hela yoyote iliyoingia. Ujumbe umeandikwa na mtu kwa kunakili mtindo wa jumbe za mtandao, na ukitazama juu utaona umetoka kwenye namba ya kawaida badala ya jina la huduma. Mtu mwenye haraka hatazami juu. Anasoma kiasi, anasoma “umepokea”, anamhurumia mwenzake, anatuma hela yake mwenyewe.

Usiangalie ujumbe, angalia salio. Ingia kwenye menyu ya huduma yako, iwe *150*00# kwa M-Pesa, *150*60# kwa Airtel Money au *150*01# kwa wale wa Mixx by Yas, zamani Tigo Pesa. Kama salio halijaongezeka, hakuna cha kurudisha.

Je, kama hela imeingia kweli? Hapo napo usiirudishe mwenyewe, hasa ukiombwa uipeleke kwenye namba tofauti na iliyotuma. Inawezekana hela hiyo imetoka kwa mtu mwingine aliyetapeliwa, na wewe unatumika kama daraja. Ukishaituma mbele, mwenye hela akaomba mtandao umrudishie, muamala utafuatiliwa hadi kwako. Mwambie anayepiga awasiliane na mtandao wake, muamala urudishwe kwa utaratibu. Mwenye shida ya kweli atakubali. Tapeli atapandisha sauti, atatishia polisi, atakuita mwizi.

‘Nakupigia kutoka makao makuu’

Aina ya tatu huja kwa sauti ya kiofisi. Anajitambulisha kuwa ni mhudumu wa mtandao wako, anakutajia jina lako kamili, pengine na jina la mtu uliyemtumia hela juzi. Anasema laini yako inafungwa leo kwa sababu usajili haujakamilika, au umeshinda zawadi, au kuna mtu anajaribu kuiba hela zako na yeye anataka kukusaidia kumzuia.

Kujua jina lako si ushahidi wa chochote. Yeyote mwenye namba yako anaweza kuanza kutuma hela kwako, akasoma jina linalotokea, kisha akaghairi. Anapata jina bila kutumia hata senti moja.

Kwa Tanzania kuna kipimo kimoja rahisi. Mitandao ya simu hutumia namba 100 kwa huduma kwa wateja, na msimamo uliotangazwa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ni kwamba mtoa huduma atakupigia kwa namba 100 tu. Akija na namba ya kawaida ya tarakimu kumi huku anajiita huduma kwa wateja, huyo yuko kazini kwake, na kazi yake si hiyo anayosema. Kata, kisha piga 100 mwenyewe uulize.

Ushauri wa “usimpe mtu namba yako ya siri” umechoka masikioni, na matapeli wanajua umechoka. Siku hizi hawaombi hivyo. Wanasema: “Usinitajie namba yako ya siri mama, hiyo ni siri yako. Bonyeza tu ninachokuelekeza.” Unajiona uko salama kwa sababu hujataja kitu. Wakati huo unaelekezwa hatua kwa hatua kwenye menyu ya kutuma hela au ya kutoa kwa wakala, unaandika namba yake ukiambiwa ni “namba ya usajili”, unaandika kiasi ukiambiwa ni “kodi ya uhakiki”, na mwisho unaweka namba ya siri kwa mkono wako mwenyewe. Kwa upande wa mfumo, huo ni muamala halali kabisa.

Kuna na ile ya kubonyeza nyota mbili, 21, nyota, namba fulani ya simu, halafu reli. Hiyo haihamishi hela. Inaelekeza simu zote unazopigiwa ziende kwenye namba hiyo. Benki ikikupigia, anapokea yeye. WhatsApp ikikupigia kukusomea namba ya uthibitisho, anaisikia yeye. Ukitaka kujua kama simu zako zimeelekezwa kwingine, piga *#21#. Kufuta uelekezaji wote, piga ##002#. Ni vyema kumfanyia hivyo hata bibi au mzee wa nyumbani anayetumia simu ya batani, maana hizi namba zinafanya kazi huko pia.

WhatsApp ya rafiki yako si lazima iwe rafiki yako

“Samahani, nimetuma namba fulani ya tarakimu sita kwako kwa bahati mbaya. Naomba unitumie fasta.”

Ujumbe huu hutoka kwa mtu unayemjua: binti wa ofisini, katibu wa kikoba, mchungaji. Sababu ya kutoka kwake ni kwamba WhatsApp yake imeshachukuliwa, na sasa aliyeichukua anawapitia watu wa kwenye simu yake mmoja mmoja. Zile tarakimu sita ni ufunguo wa akaunti yako. Ukizituma, unatolewa kwenye akaunti yako, na yeye anaingia.

Akishaingia haoni mazungumzo yako ya zamani, kwa sababu hayo yanakaa kwenye simu yako. Anachopata ni jina lako, picha yako na makundi yako, na hivyo vinamtosha. Jioni hiyohiyo watu watapokea: “Nina dharura, naomba unikopeshe laki mbili, kesho asubuhi nakurudishia.” Kwenye kundi la kikoba lenye watu arobaini wanaokuamini, hawezi kukosa wawili wa kutuma. Hela imeenda kwa tapeli, deni la lawama limebaki kwako.

Kinga yake inachukua dakika moja, na ni ajabu wangapi hawajaiweka. Fungua WhatsApp, nenda kwenye mipangilio, kisha akaunti, kisha uthibitishaji wa hatua mbili. Weka namba ya siri ya tarakimu sita unayoichagua mwenyewe, na uongeze barua pepe ya kukusaidia ukiisahau. Baada ya hapo hata mtu akipata ile namba ya uthibitisho inayokuja kwa ujumbe, atakwama mbele ya namba hii ya pili. Ukiwa hapohapo kwenye mipangilio, angalia na vifaa vilivyounganishwa. Ukiona kompyuta usiyoijua, iondoe.

Kama imeshachukuliwa, sajili upya namba yako kwenye WhatsApp. Ukiingiza namba mpya ya uthibitisho itakayokuja kwenye laini yako, aliyeiba anatolewa. Huenda ukakuta naye ameweka uthibitishaji wa hatua mbili. Hapo utasubiri siku 7 kabla ya kuingia, lakini yeye anakuwa ameshatoka. Siku hizo saba piga simu, tuma ujumbe wa kawaida, mwambie mtu aandike kwenye makundi. Usione aibu, kwa sababu kila saa unayokaa kimya kuna mtu anaombwa laki mbili kwa jina lako.

Laini iliyosajiliwa kwa kidole chako

Tangu usajili wa alama za vidole uanze, na hasa baada ya laini zisizosajiliwa hivyo kuanza kuzimwa Januari 2020, kila laini Tanzania ina mtu nyuma yake. Matapeli hawapendi kutumia majina yao, hivyo wanahitaji ya wengine.

Wanayapata kirahisi. Unaenda kusajili laini kwa kijana mwenye mwamvuli barabarani, unaweka kidole, anasema “haijasoma, weka tena”. Unaweka tena. Pengine kweli haikusoma. Pengine ilisoma mara zote, na sasa kuna laini mbili kwa jina lako, moja mkononi mwako na nyingine usiyoijua iko wapi. Siku laini hiyo ikitumika kutapeli, jina litakalotokea ni lako na namba ya NIDA ni yako, na wewe ndiye utakayeanza kujieleza.

Piga *106#. Ni bure, na itakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona namba usiyoitambua, nenda ofisi ya mtandao husika ukaikane. Hili ni jambo la kufanya leo ukiwa kwenye daladala, halafu kulirudia kila baada ya muda.

Upande wa pili wa kosa hili ni laini yako kufa ghafla. Simu ilikuwa na mtandao, sasa haina, na wenzako mliokaa nao wenye mtandao uleule wanaongea. Usiizime na kuiwasha mara kumi. Azima simu, piga 100, uliza kama kuna mtu amerudisha laini yako kwenye kadi nyingine. Aliyeishika laini yako anapokea jumbe za benki yako.

Kazi za kulaiki video na mikopo ya chapchap

Wanaowindwa hapa zaidi ni vijana, wengi wao wahitimu wasio na ajira. Ujumbe unatoka namba ya nje ya nchi: kazi ya mtandaoni, masaa mawili kwa siku, unalaiki video tu. Unalaiki tatu na kweli unalipwa, elfu tatu, elfu tano. Unaingizwa kwenye kundi la Telegram ambalo watu wanabandika picha za miamala yao. Siku ya tatu unaambiwa ili upande daraja uweke 30,000 upate 45,000. Unaweka, unapata. Kisha laki. Kisha akaunti yako “inagandishwa” na unatakiwa ulipe kodi ili utoe hela zako.

Zile elfu tano za mwanzo ni chambo, na wale wanaobandika picha kwenye kundi wengi ni mtu huyohuyo mwenye akaunti nyingi. Mchezo wenyewe ni mkongwe kuliko simu janja. Mwaka 2009 Watanzania wengi walilizwa na DECI, ambako hela iliitwa mbegu na mwanachama alipanda akisubiri kuvuna. Kilichobadilika ni kwamba sasa huhitaji hata kupanga foleni.

Mikopo nayo ina njia mbili za kukuumiza. Ya kwanza ni mkopo usiokuwepo: ukurasa wa Facebook wenye picha ya kiongozi au mfanyabiashara maarufu, unajaza fomu, “mkopo umekubaliwa”, tanguliza 40,000 ya kushughulikia. Ukitanguliza, itatokea ada nyingine. Mkopeshaji wa kweli hana haja ya hela yako ili akupe yake.

Ya pili ni mkopo uliopo kweli, wenye meno. Programu inaomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako. Unakubali kwa sababu una shida. Ukichelewa kulipa, bosi wako, mkwe wako na jirani wanapokea ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kabla ya kukopa, hakikisha mkopeshaji ana leseni ya BoT. Na programu yoyote inayotumwa kwako kama faili la APK kwenye WhatsApp, iwe ya mkopo, ya bando la bure au ya kuangalia mpira, usiisakinishe. Faili la namna hiyo linaweza kupewa uwezo wa kusoma jumbe zako, na namba za uthibitisho zinaingia humohumo.

Ukishapigwa

Dakika za mwanzo ndizo zenye thamani. Tapeli anajua hilo, ndiyo maana mara nyingi ana mtu amesimama karibu na wakala akisubiri hela iingie. Ikishatolewa taslimu, kuirudisha ni safari ndefu. Ikiwa bado ipo kwenye akaunti, mtandao una nafasi ya kuizuia. Kwa hiyo piga 100 kwanza, kulia baadaye. Uwe na namba ya kumbukumbu ya muamala, kiasi na muda. Kama ni benki, piga namba iliyoandikwa nyuma ya kadi yako, si ile uliyoipata kwenye maoni ya Facebook. Kama uliandika au kutaja namba ya siri, ibadilishe papo hapo.

Usifute chochote. Watu wengi hufuta ujumbe kwa hasira, na ndio ushahidi wenyewe. Piga picha ya skrini, andika namba zote, nenda kituo cha polisi ufungue taarifa upewe RB. Utapeli wa mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na mtandao au benki hukuuliza RB kabla ya kwenda mbali na malalamiko yako.

Kuripoti kuna maana hata kama hukutapeliwa. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040, ni bure, na utaulizwa namba iliyoutuma ili ishughulikiwe na ifungiwe. Ni kwa taarifa za namna hiyo TCRA imekuwa ikijua matapeli wamejikita wapi. Ripoti zake za robo mwaka zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa miongoni mwa inayoongoza kwa namba za majaribio ya utapeli. Haina maana kwamba namba ya kutoka mkoa mwingine ni salama.

Halafu jiandae kwa mgeni mwingine. Ukiandika kwenye Facebook kwamba umeibiwa, ndani ya saa moja atakuja mtu mwenye picha ya askari au ya mtaalamu wa kompyuta, anayesema anaweza kuirudisha hela yako yote leo. Anachohitaji ni elfu ishirini ya kuanzia kazi.